Jicho la mwenzako: historia ya watu waliojifunza kuchora mtu

 

Kila mara kijana mmoja akichora mtu, na mchoro ukafanana na mtu, utasikia neno lile lile: kipaji. "Huyu kazaliwa nacho." Linasemwa kwa upendo, lakini lina ubaya wake. Ukishasema kuchora ni kipaji, yule ambaye mchoro wake wa kwanza umetoka na mikono mifupi na shingo ya twiga anaweka penseli chini. Anajiambia, mimi sikupewa. Anaondoka, harudi tena.

Kwa hiyo tumeona tuandike historia kidogo. Tumejiuliza: wale waliojua kuchora mtu, walijuaje? Tumesoma habari za Misri ya kale, Italia, Uingereza, Marekani, Uganda na Kongo, na jibu linafanana kila mahali. Walichora mara nyingi sana, tena kwenye vitu vya bei rahisi. Na kulikuwa na mtu pembeni wa kuangalia na kusema, "hapa bega limepotea." Vitu viwili tu. Halafu tumekuta jambo la tatu ambalo hatukulitegemea: mara nyingi chumba cha kujifunzia kilikuwa na mlango, na kuna watu waliambiwa wabaki nje. Habari za hao wa nje ndizo zilizotugusa zaidi.

Mawe yaliyotupwa

Tuanzie Afrika. Upande wa magharibi wa mto Nile, karibu na mji wa Luxor wa leo, kulikuwa na kijiji cha mafundi. Sasa kinaitwa Deir el-Medina. Mafundi wa kijiji hicho ndio waliochonga na kuchora makaburi ya wafalme wa Misri, kati ya mwaka 1550 na 1070 hivi kabla ya Kristo. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali. Lakini makaburi yalichimbwa ndani ya milima ya mawe ya chokaa, na vipande vya mawe vilitapakaa kila mahali. Basi wakaviokota na kuvitumia kama daftari.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamevipata vipande hivyo kwa maelfu. Vingine vina hesabu, barua na madeni. Vingine vina michoro ya watu, na si yote mizuri! Ipo iliyochorwa na mkono uliokomaa, na ipo ya mkono wa mwanafunzi anayehangaika. Yaani mazoezi yao tunayo mpaka leo, kwa sababu jiwe halichaniki.

Kuna jambo la rangi pia. Kwenye makaburi ambayo hayakumalizika, kwa mfano lile la mfalme Horemheb, unaweza kuona kazi ilivyokwenda hatua kwa hatua. Kwanza mchoro wa wino mwekundu. Juu yake, mistari ya wino mweusi inayorekebisha: mguu usogezwe, bega lishuke. Hii ni kazi ya kaburi la mfalme, na ilisahihishwa ukutani kabla patasi haijagusa jiwe. Kusahihishwa ilikuwa hatua ya kawaida ya kazi, kama kupiga ripu baada ya kujenga ukuta.

Halafu walikuwa na vipimo. Walichora miraba kwanza, na mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka kwenye nyayo mpaka pale nywele zinapoanzia. Aliyekaa alipewa 14. Mraba mmoja ulikaribiana na upana wa ngumi. Kwa hiyo kipimo chenyewe kilitoka mwilini. Hiyo hata wewe unayo sasa hivi. Weka kiganja usoni: kinafunika kutoka kidevuni mpaka karibu na nywele. Shusha mkono: vidole vinafika katikati ya paja. Macho hayako juu ya kichwa kama wengi wetu tunavyochora, yako katikati kabisa. Na kichwa kinaingia mara saba au saba na nusu kwenye urefu wa mtu mzima. Hakuna aliyezaliwa akijua hayo. Yanapimwa.

Ndugu watatu wa Bologna

Turuke sasa mpaka Italia, mji wa Bologna, karibu mwaka 1582. Ndugu wawili, Agostino na Annibale Carracci, pamoja na binamu yao Ludovico, walianzisha chuo chao cha uchoraji. Hawakutoka kwenye familia za mabwana. Baba wa wale ndugu wawili alikuwa fundi cherehani, na baba wa Ludovico alikuwa na bucha. Annibale alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, yaani kijana kama sisi.

Wakati huo wachoraji wengi wa Italia walikuwa wanaiga michoro ya mabingwa waliotangulia. Wakiiga mkono wa bingwa, halafu wengine wanaiga walioiga, mwisho wa yote mikono kwenye picha haifanani tena na mkono wa mtu yeyote aliye hai. Akina Carracci wakasema turudi kwa watu wenyewe. Walichorana wao kwa wao. Walichora vibarua, watoto, watu waliolala. Annibale alichora picha kubwa ya bucha, wauza nyama wakiwa kazini, na nyingine ya mtu wa kawaida anakula maharage. Maharage, jamani! Sisi tunayajua maharage.

Chuo chao kilijulikana kama Accademia degli Incamminati, maana yake wale walioshika njia, walio safarini. Tumelipenda jina hilo. Mwanafunzi wa kuchora hajafika, ila yuko njiani na wenzake.

Mlango uliofungwa

Baadaye serikali na wafalme waliona faida ya vyuo hivi, wakaanzisha vyao. Ufaransa ilianzisha Akademia ya Kifalme mwaka 1648 mjini Paris, na Uingereza ikaanzisha ya kwake London mwaka 1768. Mafunzo yalikwenda kwa ngazi. Kwanza mwanafunzi ananakili michoro iliyochapishwa. Akiweza, anachora sanamu za plasta, ambazo hazichoki wala hazipumui. Mwisho kabisa ndipo anaruhusiwa kuingia chumba cha modeli, yaani mtu aliye hai anayesimama au kukaa kimya ili wengine wamchore. Modeli mara nyingi alikuwa hana nguo, ili misuli na mifupa vionekane.

Na hapo ndipo palipokuwa na mlango. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima. Lakini picha zilizohesabiwa kuwa kubwa wakati ule, za vita, za dini, za historia, zote zilijaa miili ya watu. Ukimnyima mtu chumba cha modeli, halafu ukasema wanawake hawawezi kuchora picha kubwa, umetengeneza ushahidi wako mwenyewe.

Ipo picha moja inayosema yote. Johan Zoffany aliichora mwaka 1771 na 1772 kuonyesha waanzilishi wa Akademia ya London wakiwa chumba cha modeli. Waanzilishi walikuwa pamoja na wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Kwenye picha, wanaume wamesimama na kukaa kumzunguka modeli, wanazungumza. Wanawake wako wapi? Wako ukutani. Zoffany amewachora kama picha mbili zilizotundikwa. Ni wanachama kamili, lakini hata kwenye picha hawawezi kuwemo chumbani.

Mwaka 1860 Laura Herford akapata njia. Alituma michoro yake kuomba nafasi ya kusoma katika shule ya Akademia hiyo, na kwenye jina akaandika herufi ya kwanza tu, L. Herford. Michoro ikapita. Kumbe ni mwanamke! Waliitazama kazi bila kujua ni ya nani, wakaikubali. Baada yake wanawake wengine waliingia, lakini chumba cha modeli bado kiliwakataa. Waliandika maombi tena na tena. Ilifika mwaka 1893 ndipo wakaruhusiwa kuchora modeli aliyefunikwa sehemu ya mwili. Hesabu mwenyewe: kutoka 1768 mpaka 1893 ni miaka 125.

Wanafunzi wanakodi chumba

Huko New York mwaka 1875 kulitokea jambo jingine. Wanafunzi wa chuo kikuu cha sanaa cha mji huo waliona madarasa ya modeli yanaelekea kusimamishwa. Wangeweza kukaa wakasubiri. Badala yake walichanga pesa, wakakodi chumba, wakaanza kuchora wenyewe. Wengi wao walikuwa wanawake. Wakajiita Art Students League, umoja wa wanafunzi wa sanaa. Umoja huo upo mpaka leo, na wachoraji wengi wakubwa wa Marekani wamepita pale.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha kuchora mpaka alipofariki mwaka 1938. Kitabu chake cha mazoezi kilitoka mwaka 1941. Zoezi lake linalojulikana sana linaanza na kasi. Modeli anakaa mkao mmoja kwa muda mfupi, dakika moja au chini yake, na wewe hutafuti pua wala vidole. Unatafuta mwili unafanya nini. Unainama? Unavuta? Unaegemea? Mchoro unatoka kama uzi uliovurugika, lakini ukiutazama kwa mbali unaona mtu anabeba kitu. Zoezi hili linawafaa watu kama sisi, kwa sababu huku kwetu hakuna anayekaa kimya kwa saa nzima. Mama anayebeba dumu la maji hawezi kukusubiri. Dakika moja unayo.

Mtu wa miaka 27 na rafiki yake

Wengi wenu mmesikia jina la Vincent van Gogh. Wanaomtaja humtaja kama mtu wa kipaji cha ajabu. Sasa sikilizeni. Alipoamua kuwa mchoraji ilikuwa mwaka 1880, ana miaka 27, na hajui kuchora mtu vizuri. Alikuwa Borinage, eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Ubelgiji, alikokwenda kuhubiri na akapoteza kazi hiyo. Alianza na kozi ya kuchora iliyotungwa na Charles Bargue, karatasi za kunakili hatua kwa hatua. Alizinakili zote, akarudia tena. Hakuna njia ya mkato aliyopewa.

Mwaka huo huo alikwenda Brussels na kufahamiana na mchoraji kijana, Anthon van Rappard. Wakawa marafiki kwa karibu miaka mitano. Walitembeleana, wakatumiana barua, wakaonyeshana kazi na kuambiana kilichopungua. Huko The Hague, Van Gogh alitafuta modeli kati ya maskini, hasa wazee waliolelewa kwenye nyumba ya wasiojiweza, na aliwalipa kutoka kwenye pesa ndogo aliyotumiwa na mdogo wake Theo. Aliona kukaa kimya ni kazi, na kazi inalipwa.

Majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885, akiwa kijiji cha Nuenen, alichora na kupaka rangi makumi ya vichwa vya wakulima, kichwa baada ya kichwa, kabla ya kuthubutu kuwaweka watu watano mezani kwenye picha moja wakila viazi. Alipotengeneza chapa ya picha hiyo alimtumia rafiki yake.

Jibu la Rappard lilikuwa kali. Aliuliza kwa kejeli kama yule mtu wa kulia haruhusiwi kuwa na goti, tumbo na mapafu, kwa nini mkono wake ni mfupi hivyo, na pua ya yule mwanamke ni kitu gani. Van Gogh alikasirika, akamrudishia barua yake. Waliandikiana tena kwa muda, lakini urafiki haukupona.

Tumebishana sana juu ya habari hii. Wengine wetu wanasema Rappard alikuwa sahihi, mkono ule ni mfupi kweli, ukiangalia unaona. Wengine wanasema hata akiwa sahihi, hivyo sivyo unavyosema na rafiki ambaye ametumia majira yote ya baridi kwenye kazi moja. Mwisho tumekubaliana kwamba pande zote mbili zina ukweli. Jicho lilikuwa sawa, mdomo ulikosea. Maana tazameni kilichofuata: kiangazi cha mwaka huo huo wa 1885 Van Gogh alichora michoro mikubwa ya wakulima wanaolima, wanaofunga miganda, wanaookota masuke, na miili ya watu hao imejaa, ina uzito, ina migongo na magoti. Maoni yaliingia kazini. Lakini rafiki alipotea, na hilo ni bei kubwa. Kwenye kikundi kama chetu, ambapo mtu ameshapoteza nyumba na majirani, hatutaki apoteze na rafiki wa kuchora kwa sababu ya pua.

Harlem: darasa la waliokataliwa

Augusta Savage alikuwa mchongaji wa sanamu, mwanamke mweusi, aliyezaliwa Florida mwaka 1892. Mwaka 1923 aliomba nafasi ya mafunzo ya kiangazi Fontainebleau, Ufaransa. Kamati ya Wamarekani weupe iliyochagua wanafunzi ikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Hakunyamaza, aliipeleka habari hiyo kwenye magazeti. Baadaye alifika Paris kwa ufadhili, akarudi New York, na mwaka 1932 akafungua studio yake ya kufundishia huko Harlem. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Sanaa cha Jamii cha Harlem. Aliyefungiwa mlango akafungua wake.

Kati ya vijana waliosaidiwa na watu wa Harlem alikuwemo Jacob Lawrence. Alifika mtaa huo akiwa na miaka 13, mtoto wa familia iliyohama. Alianza kwenye darasa la sanaa la baada ya shule, chini ya mchoraji Charles Alston, kisha akawa anakaa kwenye studio za wakubwa, anachora huku anasikiliza wanavyobishana. Savage ndiye aliyemsaidia kupata ajira ya serikali ya wachoraji. Mwaka 1941, akiwa na miaka 23, Lawrence alimaliza picha 60 zinazoeleza safari ya Wamarekani weusi waliotoka kusini kwenda miji ya kaskazini. Mchoraji Gwendolyn Knight, aliyeolewa naye mwaka huo, alimsaidia kuandaa mbao na kuandika maelezo ya kila picha.

Ukizitazama picha hizo utaona watu kwenye stesheni, watu na mizigo, watu kwenye foleni. Nyuso nyingi hazina macho wala mdomo. Lakini unajua nani amechoka, nani ana hofu, nani anamvuta mtoto mkono, kwa sababu ya mgongo, shingo na miguu tu. Huko ndiko kunakokupeleka kujua mwili wa mtu. Na aliyeieleza safari ile ni mtoto wa safari yenyewe.

Kampala na Lubumbashi

Sasa turudi upande wetu. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa kwenye baraza la nyumba yake Kampala, na kutoka hapo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere. Trowell hakutaka kuwalazimisha wanafunzi wachore kama Wazungu. Hakuwawekea modeli mbele. Aliwasimulia hadithi au tukio, nao wakachora walichokiona kichwani.

Mwaka 1946 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar. Kati ya wanafunzi wake walikuwa Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Yeye naye hakutaka waige picha za Ulaya. Kila mmoja akatoka na mkono wake: Mwenze alijaza picha kwa mistari mifupi inayopishana, Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Ndugu zetu wa Katanga wanaosoma hapa wanajua fahari ya majina hayo.

Walimu hawa wawili waliwaheshimu wanafunzi wao, na kazi zilizotoka ni nzuri. Lakini sisi tunauliza swali moja. Ikiwa mwalimu ndiye anayeamua kwamba kuchora kwa modeli hakukufai wewe kwa sababu ni Mwafrika, huo nao si mlango? Ni mlango wenye adabu, lakini bado ufunguo anao yeye. Baada ya Trowell kuondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyechukua nafasi yake Makerere alileta mafunzo ya kutazama na kuchora mwili kama vyuo vya Ulaya. Wapo waliofurahi na wapo walioona kitu kimepotea.

Sam Ntiro anatusaidia kutoka kwenye ubishi huo. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma kwa Trowell Makerere, akafundisha hapo, na kati ya 1952 na 1955 akasoma Slade mjini London, shule inayojulikana hasa kwa kuchora mwili wa mtu. Kisha alirudi, na aliendelea kuchora vijiji vya Uchagani kwa namna yake: watu wengi wadogo wanaofanya kazi pamoja, mashamba ya migomba, mikusanyiko. Picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na makumbusho makubwa ya sanaa ya New York. Tena akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huru huko London. Alijifunza walichokuwa nacho Slade, na hakuna kilichomtoa Machame. Aliingia kwenye chumba, akaangalia, akachagua mwenyewe.

Na sisi tunafanyaje

Kutokana na yote hayo, duara letu la kuchora lina desturi chache.

Modeli ni mmoja wetu, amevaa nguo zake, na anakaa kwa zamu. Dini zetu na wazazi wetu tunawaheshimu, na kitenge au suruali haizuii kuona bega lilipo. Mikunjo ya nguo inakuonyesha goti. Tunaanza na mikao ya dakika moja, kumi mfululizo, halafu mikao miwili ya dakika kumi. Tunatumia mkaa wa jikoni, penseli, na upande wa ndani wa maboksi. Mtu wa nje ya duara hatumchori bila kumuomba, hata akiwa kwenye foleni ya mgao, maana watu wetu wamepigwa picha nyingi ambazo hawakuulizwa.

Tukimaliza tunaweka michoro chini, bila majina, kama ile michoro ya L. Herford. Kila anayesema lazima aseme kwa mpangilio: kwanza, mwili huu unafanya nini? Pili, wapi jicho langu limekwama? Tatu, ukichora tena ujaribu kupima nini? Hatusemi "mbaya," na hatusemi "safi sana" halafu tukanyamaza. Neno "safi sana" likibaki peke yake halimpi mtu cha kufanya kesho.

Hapo ndipo tunapowageukia ninyi mnaotusaidia. Mkija kwenye maonyesho yetu mnapiga makofi kwa kila mchoro, na tunashukuru, mnataka tufurahi. Lakini makofi yale yale kwa kila kitu yanatuambia hamkuangalia. Kijana aliyepita mengi si yai. Muulize kwa nini mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Muulize uzito wa huyu mtu uko mguu gani. Ukimuuliza hivyo umemchukulia kama mchoraji, na mchoraji hujibu kwa kuchora tena.

Na wewe kijana uliyeweka penseli chini: leo jioni chora mkono wako wa kushoto mara tano, kila mara dakika moja. Andika tarehe nyuma, usichane hata mmoja. Kesho mpelekee mtu mmoja unayemwamini, umwulize kidole gani kimepotea njia. Kisha uchore wa sita.